Kipande cha Tofaa cha Kálmán

Budapest, 13 Novemba 1956

Dada Borbála mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi tu wazima, kwa maana kwamba tunapumua. Kifua cha Kálmán kimezidi tangu tulipojificha kwenye ghala la makaa chini ya nyumba, kwa lile vumbi na ile baridi, lakini anakusalimu na anasema bado anaikumbuka soseji yako ya mwaka jana. Madirisha yetu yote yamekwenda. Tumeyaziba kwa maboksi, na moja tumeliziba kwa ramani ya shule ya Berci, kwa hiyo sasa Afrika iko jikoni kwetu inapitisha upepo.

Barua hii anakuletea Berci wangu mwenyewe. Mpokee mwanao wa ubatizo.

Zile siku za Oktoba, watu walipokuwa wanaimba barabarani na sisi wazee tukilia kama watoto, yeye na wenzake wa kiwandani walipanda kwenye paa wakaiangusha ile nyota nyekundu ya serikali kwa nyundo. Chini kulikuwa na mgeni mwenye kamera. Picha imetoka kwenye gazeti la nje, na uso wa Berci unaonekana wazi kama kwenye kitambulisho. Sasa vifaru vimerudi, na watu waliorudi pamoja navyo wanalo gazeti hilo mezani. Kijana aliyewashikia ngazi wameshamchukua. Mama yake anazunguka na mfuko wa nguo safi, kila mlango anaambiwa siyo hapa.

Mvushe mpaka wa nchi. Wewe unayajua yale mabwawa na ule mfereji tangu utotoni. Mimi siwezi kumficha, nyumba yetu ina masikio kila ghorofa. Na barua za posta zinafunguliwa, kwa hiyo ukitaka kuniambia habari zake mwite bata bukini. Unafuga wengi, hakuna atakayeshangaa.

Ulimshika juu ya maji ya ubatizo, Bori. Mshike tena juu ya haya mengine.

Mdogo wako,
Etelka


Jumapili ya kwanza ya Majilio, 2 Desemba 1956

Etelka mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe na shemeji Kálmán. Mwambie asile vumbi, asubiri soseji. Mimi ni mzima ila goti. Paa la kanisa linavuja pale juu ya Mtakatifu Antoni, na Padri Ányos amemwekea ndoo, sasa mtakatifu anaonekana kama anasubiri kukamua ng'ombe.

Bata wako alifika salama, ameloa mpaka magotini. Bata wa mjini hana adabu mezani: bakuli tatu za supu ya maharage, na mkate akaupangusia bakuli. Akalala jikoni kando ya jiko, akalala mpaka jua likawa juu. Kwa kuwa baridi ilikuwa kali nikampa koti la marehemu mume wangu Ambrus, lile zito la kahawia, likamkaa vizuri ila mikono mifupi.

Kabla hajaondoka nikatoa tofaa. Akacheka. "Mama mkubwa, Noeli bado."

"Najua Noeli bado. Kwani Noeli utakuwa wapi?"

Basi nikalikata vipande vinne, kama marehemu mama alivyokuwa anatukatia kila Mkesha wa Noeli, kila mtu wa nyumba na kipande chake, ili atakayepotea njiani akumbuke alikula na nani na aione njia ya kurudi. Chake alikila amesimama. Changu nilikula. Chenu, chako na cha Kálmán, nimevikausha juu ya jiko na nimevishona ndani ya kitambaa hiki. Kuleni Noeli. Naomba Mungu asihesabu kwamba nimelikata mapema.

Jioni ile tulikwenda mpaka penye matete. Ukungu ulikuwa mzito, na hilo lilikuwa zuri. Akavuka. Nilisimama mpaka nikasikia mbwa wa upande wa pili wanabweka, kisha wakaacha.

Dada yako,
Borbála


Budapest, 29 Desemba 1956

Dada Bori,

Tumsifu Yesu Kristo, na heri ya Noeli iliyopita. Barua yako ilifika siku ya Mkesha, imebandikwa gundi upya, tena vibaya.

Dada, bata havai koti. Nimecheka, halafu nikakaa chini. Tafadhali andika polepole.

Tulikula viazi na kabichi, na jirani Vilma alitupa kipande cha keki ya kokwa za jozi ambayo ilikuwa na kokwa mbili, nyingine zote ni sala. Yeye pia bata wake ameruka, Ottó. Mkesha nilikula kipande changu cha tofaa. Kálmán alikataa chake. Alikigeuza-geuza, akakiweka kwenye mfuko wa kizibao.

"Cha leo kinaliwa leo," nikamwambia.

"Nitakula naye akija. Tofaa lilikatwa mapema, nami nitalila kwa kuchelewa, tutakuwa sawa."

Unamjua alivyo.

Anakohoa sana. Daktari anasema hewa ya milimani, kama vile anasema nenda ukanywe maziwa ya mwezini. Je, bata amefikia banda gani? Niambie lilipo.

Etelka


22 Januari 1957

Etelka mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumechinja nguruwe, tumshukuru Mungu, ametoka vizuri. Mwaka huu mikono ilikuwa michache. Zamani ua ulikuwa unajaa wanaume na konyagi ya plamu, safari hii walikuja wazee wawili na mmoja akajikata kidole kabla hata nguruwe hajapiga kelele. Nyumba nyingi za upande wetu zimebaki na funguo mlangoni, bila watu.

Nakuletea soseji na mafuta kwa mkono wa Gáspár, mpwa wa marehemu Ambrus, yule anayechochea moto kwenye treni. Nilimwomba abebe na barua, akakataa. "Shangazi, soseji nitasema nimenunua. Karatasi nitasema nini?" Kwa hiyo barua inapita posta.

Bata ni mzima. Yuko upande wa pili wa ziwa, kwa watu wanaopasua mbao. Amejifunza kusema mkate na msumeno kwa lugha yao, na anasema hayo mawili yanamtosha kwa sasa. Anauliza kila mara mama yake anasemaje.

Waya wa mpakani wanaurudisha. Nasikia nyundo nikiwa nalisha kuku.

Borbála


Budapest, 11 Februari 1957

Mpendwa dada Borbála,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Sisi ni wazima.

Nakuandikia kuhusu mwanangu Bertalan, ambaye aliondoka nchini kwa kudanganywa na watu wabaya. Serikali imetangaza kwamba kila atakayerudi kabla ya mwisho wa Machi hataulizwa neno lolote. Wengi wamesharudi na wako kazini. Baba yake ni mgonjwa na anataka kumwona. Kiwandani nafasi yake ipo.

Nimeweka humu barua yangu kwa Bertalan. Mtumie haraka, kwa kuwa wewe unayo anwani yake. Pia nitumie mimi anwani hiyo ili nimwandikie mwenyewe.

Kálmán hatoki tena kitandani. Hilo ni kweli, Bori.

Dada yako,
Etelka


7 Machi 1957

Etelka mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwaresima imeingia, jana tumepakwa majivu. Padri Ányos mkono unamtetemeka, akanipaka mpaka puani, nikatembea kijijini kama mtu aliyetoka kusafisha bomba la moshi. Nimemwombea shemeji rozari nzima kila jioni. Mpe asali na mafuta ya bata kifuani, akisuguliwa wakati bado yana moto, si ule uvuguvugu unaompa wewe.

Huku ni tope. Mkokoteni wa maziwa ulikwama njia panda siku mbili. Kuku wawili wameanza kutaga, na yule mwenye shingo tupu anakula mayai yake mwenyewe, sijui nimfanyeje.

Barua yako ilifika. Nimeisoma.

Kaeni salama.

Borbála


Budapest, 14 Machi 1957

Dada,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekuuliza juu ya mtoto, umenijibu juu ya kuku.

Umeituma au hukuituma? Ottó wa Vilma amerudi tangu wiki iliyopita. Nimemwona kwa macho yangu, amekonda, ana viatu vipya vya kigeni, anapanda ngazi anapiga mluzi. Vilma ameweka meza, ametualika, mimi nimekwenda na nimekula keki yake. Mwanamke yule hana akili kunishinda mimi. Ana mtoto wake mezani.

Kálmán kila mlango ukigongwa ananyanyua kichwa. Nimemwambia barua imeshakwenda. Usinifanye mwongo mbele ya mtu anayekufa.

Naomba anwani. Sikuombi soseji, sikuombi sala. Anwani tu. Wewe hukuzaa, Bori, labda ndiyo sababu.

Etelka


24 Machi 1957

Etelka mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako iko mahali salama. Nawaombea asubuhi na jioni. Goti linaniuma sana, siwezi kukaa nikaandika kwa muda mrefu.

Uliyosema mwishoni nimeyasoma, na sikukasirika.

Borbála


Budapest, 3 Aprili 1957

Borbála,

Machi imekwisha.

Kálmán amefariki Jumamosi. Tumemzika jana. Hukuarifiwa kwa simu ya maandishi kwa sababu sikutaka uje.

Etelka


Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili 1957

Etelka mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo, hata kama hutaitikia.

Barua hii analeta Gáspár. Amekubali karatasi safari hii kwa sababu ya msiba, ameishona kwenye bitana ya kofia. Kwa hiyo leo nasema Berci, sisemi bata.

Vijana wa kijiji wamepita asubuhi kutumwagia maji sisi wanawake kama kila Pasaka. Sikuwafungulia. Nimewaachia mayai ya rangi kizingitini, wakachukua, wakamwagia mlango.

Barua yako ya Februari kwa Berci sikuituma. Iko nyuma ya picha ya Bikira Maria juu ya kitanda changu. Niliposema iko mahali salama sikusema uongo, lakini Mungu anajua nilichokuwa nafanya kwa kutosema uongo.

Nitakueleza. Kabla barua ile haijafika, nilikwenda stesheni ya mpakani kuuza manyoya ya mabata. Treni ikaingia na vijana waliokuwa wanarudi. Kulikuwa na bendi na wasichana wenye maua, na mtu wa kamera ya sinema. Kijana mmoja alipiga magoti akabusu ardhi. Mtu wa kamera akamwambia, "Rudia, ndugu, jua lilijificha." Akarudia. Akabusu mara ya pili, watu wakacheka, naye akacheka. Bendi ilipofungasha, waliingizwa chumba cha nyuma mmoja mmoja. Wengi walitoka na tikiti za kwenda kwao, siwezi kukuficha hilo. Yule aliyebusu ardhi hakutoka mlango ule. Alitokea upande wa makaa, katikati ya watu wawili, wakamwingiza kwenye gari lisilo na dirisha. Bado alikuwa ameshika ua.

Sikuweza kukuandikia haya kwa posta. Ndiyo maana nilikuandikia kuku.

Wameahidi kutomuuliza mtu kwa nini aliondoka. Juu ya ile nyota aliyoiangusha hakuna aliyeahidi kitu. Na wewe ukaandika Bertalan. Hata siku ile alipovunja mtungi wa mama hukumwita Bertalan. Nikajiuliza ni nani anaandika, na sikupata jibu, maana kile kifua cha Kálmán kilikuwa cha kweli na mwandiko ulikuwa wako.

Alikuwa anataka kurudi, Etelka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kila barua anauliza mama anasemaje. Neno lako moja lingempandisha treni. Mimi nikamwandikia kwamba hamjambo. Shemeji anakata roho, na mimi naandika hamjambo.

Nilikwenda kuungama kabla Machi haijaisha. Nikamwambia Padri Ányos, "Baba, nimemficha mtoto barua ya mama yake, na baba yake anakufa."

Akauliza, "Sasa utaituma?"

Nikasema, "Hapana, Baba."

"Basi hukuja kuungama, Borbála. Umekuja kutafuta mwenzi wa kubeba mzigo."

Hakuniondolea dhambi. Hakunikemea pia, aliufungua mlango mwenyewe akanishika kiwiko kwenye ngazi. Pasaka hii watu walipokwenda kupokea nilibaki nimekaa. Tangu komunyo ya kwanza haijatokea. Wanawake waligeuka wakanitazama, na najua leo wanazungumza nini.

Nilikata lile tofaa ili aione njia ya kurudi, kisha nikasimama mwenyewe katikati ya njia. Ulisema sikuzaa. Ni kweli, na nimefikiri sana kama ningekuwa nimezaa ningefanya hivi. Sijui. Nichukie, mdogo wangu, una haki. Ila mimi naona afadhali unichukie huku yeye anapasua mbao.

Anwani sikuandika. Gáspár anayo kichwani, amekariri kama sala. Ukimuuliza atakutajia, nimemruhusu. Sitakuzuia tena. Ni mwanao.

Borbála


Budapest, 26 Mei 1957

Dada Bori,

Milele na milele, amina. Naitikia kwa kuchelewa.

Gáspár ameniletea barua yako na leo amepita kuchukua majibu. Yuko jikoni anakula, na kofia ameivaa hata mezani. Nimesoma barua yako mara nyingi nikakasirika mara nyingi. Wiki mbili sikuweza kuandika. Kisha mambo mengine yametokea.

Ottó wamemchukua. Walikuja asubuhi, wawili, na adabu zao. Mmoja alimwambia Vilma, "Mama, usimwamshe kwa nguvu, avae vizuri." Viatu vyake vya kigeni vimebaki chini ya kitanda, kwa sababu alidhani anakwenda kutia saini karatasi akavaa kandambili. Sasa Vilma ndiye anayezunguka na mfuko wa nguo safi. Jana tulikutana kwenye ngazi. Akaniuliza, "Wako vipi, ameandika?" Nikasema hajaandika. Akanishika mkono akasema, "Hongera." Nakwambia hivyo hivyo alivyosema.

Sasa nikueleze na mimi.

Barua ile ya Februari niliiandika nikiwa na mtu mezani. Bwana mmoja wa koti la kijivu, mpole, alikuja kwetu mara nyingi, akavua na kofia mbele ya Kálmán. Alikunywa kahawa yangu. Mara ya kwanza alitabasamu akasema, "Dada yako ana bata anayevaa koti la kahawia. Natamani kumwona bata huyo." Alikuwa amezisoma barua zetu zote. Sikukwambia, kwa sababu ungekufa kwa aibu, na kwa sababu singeweza kukwambia. Akanisomea nami nikaandika. Nilipoandika Berci akasema, "Hapana, mama, jina la kwenye cheti." Ile sentensi ya mwisho juu ya kitanda niliongeza mwenyewe. Aliiangalia, akasema, "Hiyo nzuri, iache."

Lakini usidhani ilikuwa kazi yake peke yake. Hapo ndipo ninapokwama. Nusu yangu iliandika kwa kumwogopa, na nusu iliandika kwa kutaka. Nilitaka aingie mlangoni. Nilitaka Kálmán amwone, halafu lolote na liwe. Nilipokwenda posta nilisali njia nzima, na hata leo sijui niliomba barua ifike au nilikuomba wewe uwe mkaidi kama ulivyokuwa ukinifichia viatu nisiende dansini. Ya Machi hakunisomea mtu. Ile ni yangu yote, pamoja na neno la mwisho. Nisamehe kwa hilo. Hukuzaa, lakini huyu ulimzaa mara mbili.

Kálmán alikufa akidhani mtoto yuko njiani. Siku ya mwisho alisikia mtu anapanda ngazi, akasema, "Huyo." Alikuwa Ottó anapiga mluzi. Sikumsahihisha. Sijui kama nilimpa zawadi au nilimwibia. Kukushukuru siwezi bado, Bori, na kukukasirikia pia kumenishinda. Nikija huko labda tutakaa tu tuchambue manyoya.

Nenda kaungame tena. Mwambie Padri kwamba mama mwenyewe ameifuta barua yake, hataki itumwe. Ichome.

Gáspár alianza kunitajia anwani pale mlangoni, kabla hata ya salamu, maskini, aliogopa ataisahau. Nilimziba mdomo kwa mkono. Usinipe. Yule bwana wa koti la kijivu atarudi, na nisichokijua hakuna wa kunisomea nikakiandika.

Jana nilitoa nguo za Kálmán kumpa mzee wa ghorofa ya chini. Kwenye mfuko wa kizibao nimekuta kile kipande cha tofaa. Kimekuwa kigumu kama ngozi ya kiatu, kimeshika nyuzi. Nimekisafisha, nimekishona kwenye kitambaa kile kile ulichonitumia, na Gáspár anakuletea pamoja na barua hii.

Mpelekee Berci kwa njia zako. Mwambie baba yake amefariki, mwambie wewe, mimi siwezi. Mwambie hiki ni kipande cha baba yake, alikuwa anamsubiri wale pamoja. Na asikiweke kusubiri kurudi. Akile huko huko aliko.

Mdogo wako,
Etelka